Mwongozo kamili wa kuchagua na kusoma kozi ya ukerezaji vyuma na teknolojia ya uzalishaji viwandani

Vyuo hutangaza kozi hii kwa majina mengi: ukerezaji vyuma, ufundi wa mashine na zana, teknolojia ya uzalishaji, uhandisi wa uzalishaji viwandani. Kozi mbili zenye jina lilelile zinaweza kumtoa mmoja akiwa fundi anayeweza kukabidhiwa mchoro na kipande cha chuma, na mwingine akiwa na cheti na daftari lililojaa maelezo ya mashine ambazo hakuwahi kuziwasha. Tofauti hiyo hutokana na mambo matatu ambayo matangazo huyagusa kwa nadra: mwanafunzi anasimama kwenye mashine saa ngapi kwa wiki, anapima kazi yake kwa kifaa gani, na nani anaikagua na kuikataa ikiwa haikutimiza vipimo. Hatua zinazofuata zinamhusu anayetafuta kozi na pia aliyekwisha kuanza masomo.

Hatua ya kwanza: fahamu kazi yenyewe na ngazi zake

Ukerezaji na uchongaji wa vyuma ni kazi ya kuondoa. Unaanza na kipande kikubwa kuliko unachokihitaji, kisha unakata hadi libaki umbo lililochorwa, na kwa vipimo vilivyoandikwa. Kwa hiyo kazi hii ni tofauti na kuchomelea, ambako vipande huunganishwa, na kusubu, ambako chuma kilichoyeyuka humiminwa kwenye kalibu, ingawa fundi mzuri hukutana na kazi hizo zote kwa sababu kipande kilichosubiwa au kuchomelewa mara nyingi huishia kwenye leithi (mashine inayozungusha kipande ili kisu kikikate) au mashine ya milingi (ambayo kisu ndicho kinachozunguka) ili nyuso zake muhimu zipate usahihi.

Ndani ya fani hii kuna kazi kadhaa ambazo mtu wa nje huziona kuwa moja. Mwendeshaji hufunga kipande, huwasha mashine iliyokwisha kuandaliwa na kukagua kinachotoka. Mwandaaji ndiye anayepanga visu, anayeweka sifuri (mahali mashine inapoanzia kupima) na kuhakikisha kipande cha kwanza kimetoka sawa. Mwandishi wa programu huandika maelekezo ya mashine za kompyuta. Mtengenezaji wa zana hutengeneza kalibu, moldi na vishikizo ambavyo kiwanda kizima hutegemea, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwa sababu karibu kila kipande ni cha kwanza na cha mwisho. Kisha yupo mkaguzi wa ubora, na yupo fundi wa matengenezo.

Kozi fupi ya wiki au miezi michache, ikifundishwa vizuri, hutoa mwendeshaji. Cheti cha takriban mwaka mmoja humfikisha mwanafunzi mahali pa kufanya kazi rahisi peke yake kwenye mashine za mkono na kuanza kuzielewa za kompyuta. Stashahada ya miaka miwili au mitatu huongeza uchoraji kwa kompyuta, upangaji wa uzalishaji na ubora. Uanagenzi ni njia nyingine ambayo haipaswi kudharauliwa: nchini Ujerumani, mafunzo ya fundi wa ukataji vyuma huchukua miaka mitatu na nusu, na mwanagenzi hugawanya muda wake kati ya kiwanda na shule ya ufundi. Nchini Marekani, uanagenzi uliosajiliwa wa fundi mashine kwa kawaida hupangwa kwa saa zipatazo 8,000 kazini, yaani kama miaka minne. Tarakimu hizo zikuonyeshe uzito wa fani. Anayeahidi kumfanya mtu fundi kamili kwa miezi mitatu anazungumzia kitu kingine.

Hatua ya pili: pima hesabu zako kabla ya kulipa ada

Wengi wanaoacha kozi hii katikati hawashindwi na mashine, wanashindwa na hesabu. Habari njema ni kwamba hesabu zenyewe si nyingi, na zinaweza kurudiwa nyumbani kwa mwezi mmoja au miwili kabla ya muhula kuanza. Unahitaji desimali bila kigugumizi, sehemu, uwiano, kugeuza fomula, eneo na mzingo wa duara, kanuni ya Pythagoras, na trigonometria ya pembetatu mraba. Unahitaji pia kugeuza inchi kuwa milimita, ambako inchi moja ni milimita 25.4 kamili, kwa kuwa michoro ya mifumo yote miwili huingia karakanani.

Jipime kwa mfano huu. Kasi ya mzunguko wa leithi hupatikana kwa kuchukua kasi ya kukata kwa mita kwa dakika, kuzidisha kwa 1,000, kisha kugawanya kwa zao la pai na kipenyo kwa milimita. Ukikereza chuma laini cha kipenyo cha milimita 25 kwa kisu cha haispidi (chuma kigumu cha visu), na ukachukua kasi ya kukata ya mita 30 kwa dakika, jibu ni kama mizunguko 380 kwa dakika. Ukibadilisha kisu ukaweka cha kabaidi, kigumu zaidi, na kuchukua mita 150 kwa dakika, jibu linapanda hadi kama 1,900. Anayeona mara moja kwamba kipande kikiwa chembamba mzunguko unapaswa kuongezeka, na kwa nini, yuko tayari.

Mfano wa pili huwaangusha wengi. Kipande kinapungua kutoka kipenyo cha milimita 30 hadi 20 katika urefu wa milimita 50, na unatakiwa kugeuza kishikio cha kisu kwa pembe inayofaa. Tofauti ya vipenyo ni 10, lakini kisu kinakata upande mmoja tu wa kipande, kwa hiyo unatumia nusu yake, yaani 5, ugawanye kwa 50. Pembe ambayo tanjenti yake ni 0.1 ni nyuzi 5.7 hivi. Asiyekumbuka kugawanya kwa mbili atapata karibu nyuzi 11.3, atageuza kishikio kwa uhakika kabisa, na ataharibu chuma.

Hatua ya tatu: soma mtaala

Omba mtaala wenyewe wenye saa za kila somo, usiridhike na kipeperushi. Ndani yake yanapaswa kuonekana usomaji wa michoro ya kiufundi, upimaji, sayansi ya vifaa pamoja na kugumisha na kulainisha chuma kwa joto, kazi za benchi, leithi, milingi, kusaga nyuso, mashine za CNC (zinazoongozwa kwa kompyuta), uchoraji wa kompyuta, ubora, na usalama. Halafu angalia mpangilio. Mtaala unaoanza na mashine za kompyuta katika wiki ya pili, kwa kuwa ndizo zinazovutia wanafunzi, unaruka ngazi: mwanafunzi ambaye hajawahi kusikia kwa sikio lake kisu kikilalamika kwa mlisho (mwendo wa kisu kuingia kwenye chuma) uliozidi hatajua kwamba namba aliyoandika kwenye programu ni mbaya mpaka kisu kivunjike.

Katika usomaji wa michoro, hakikisha kuna mambo mawili. La kwanza ni njia zote mbili za kupanga mionekano ya kipande (mbele, juu na pembeni), kwa sababu Ulaya hutumia zaidi ile ya pembe ya kwanza na Marekani hutumia ya pembe ya tatu, na anayechanganya anaweza kutoboa shimo upande usiotakiwa. La pili ni alama za toleransi (kiasi cha kosa kinachoruhusiwa) za umbo na mahali, yaani unyoofu, usawa wa uso, uwima, na mahali pa shimo kwa kulinganisha na uso wa rejea. Viwango vikuu vinavyozitawala alama hizo ni ISO 1101 na ASME Y14.5. Kozi inayofundisha toleransi za vipimo peke yake inawaacha wanafunzi nusu ya njia, kwani michoro mingi ya viwandani leo imejaa alama hizi.

Uwiano wa nadharia na vitendo uandikwe wazi. Sina kipimo kimoja kinachofaa kila mahali, lakini ikiwa vitendo havifiki nusu ya muda katika ngazi ya cheti, uliza kwa nini.

Hatua ya nne: tembelea karakana, tena siku ya masomo

Hii ndiyo hatua ninayoiona kuwa na uzito kuliko zote, na ndiyo wazazi na waombaji wengi huiruka. Usikubali kuonyeshwa karakana wakati wa likizo, ikiwa imefagiliwa na kimya. Nenda wakati wanafunzi wapo.

Hesabu wanafunzi na hesabu leithi zinazozunguka kweli, si zilizopo. Mashine kumi ambazo nne zimefunikwa turubai ni mashine sita. Wanafunzi watatu wakigawana leithi moja, kila mmoja anapata theluthi ya saa zilizoandikwa kwenye mtaala, na wengine wawili wanatazama. Kutazama kuna faida yake kwa siku chache za mwanzo, lakini hakufundishi mkono.

Usikiogope chuo kwa sababu mashine zake ni za zamani. Leithi ya miaka arobaini iliyotunzwa hufundisha ukerezaji vizuri kabisa, na hata ile iliyochakaa kidogo ina funzo lake, kwa kuwa mwanafunzi hujifunza kuwa mashine ina kasoro na kwamba kazi yake ni kuijua kasoro hiyo na kuikwepa. Vifaa vya kupimia ndivyo visivyosamehewa uzee. Ingia kwenye chumba cha vipimo, au uliza kiko wapi. Tazama kama maikromita zimehifadhiwa kwenye visanduku vyake au zimetupwa kwenye droo moja na tupa na bisibisi. Uliza zilihakikiwa lini mara ya mwisho, na kwa kutumia nini. Jibu la mhusika litakuambia zaidi ya jengo zima.

Kisha omba uonyeshwe kazi moja ya mwanafunzi wa mwaka wa mwisho pamoja na mchoro wake. Ikiwa mkufunzi anakupa kipande, mchoro, na karatasi ya vipimo vilivyosomwa na kusainiwa, uko mahali pazuri. Ikiwa anakupa kipande kinachong'aa kilichopakwa rangi na hakuna mchoro, hicho ni pambo la ofisi.

Uliza maswali haya bila haya. Nani ananunua visu, keekee na chuma cha mazoezi, chuo au mwanafunzi, na vikiisha katikati ya muhula nini hutokea? Mashine za CNC zinafanya kazi kwa saa ngapi kwa wiki, na sehemu gani ya mafunzo hayo hufanyika kwenye kompyuta ya kuigiza tu? Uigizaji ni mzuri na hauvunji kitu, ila hauonyeshi kisu kikitetemeka. Wakufunzi waliwahi kufanya kazi kiwandani? Karakana hufunguliwa jioni kwa wanaotaka kurudia kazi? Chuo kina ithibati ya mamlaka inayosimamia mafunzo ya ufundi, na cheti chake kinakubaliwa kama msingi wa kuendelea ngazi ya juu? Hili la mwisho thibitisha kwa mamlaka yenyewe, si kwa chuo.

Mwishowe, angalia usalama kwa macho yako. Kitufe chekundu cha dharura kipo na hakijazibwa na boksi? Vikinga vya chaki, yaani kishikio kinachokamata kipande kwenye leithi, vimefungwa au vimeng'olewa vikaegemezwa ukutani? Ukiona ufunguo umeachwa ndani ya chaki ya leithi, hata kama mashine imezimwa, mwangalie mkufunzi. Akipita bila kuutoa, ondoka.

Hatua ya tano: wiki za mwanzo, usalama na benchi

Sheria za leithi ni fupi na hazina majadiliano. Miwani ya usalama wakati wote. Mikono mirefu ikunjwe juu ya kiwiko au ivaliwe inayobana, nywele zifungwe, pete, saa na mikufu vivuliwe. Glavu hazivaliwi karibu na kitu kinachozunguka, jambo linalowashangaza wanafunzi wapya wanaodhani glavu ni kinga siku zote. Kitambaa kikishikwa na chaki kinauvuta mkono wote kabla hujafikiri. Nyuzi za chuma zinazotoka kwenye kisu hukata kama wembe, huondolewa kwa ndoano au brashi mashine ikiwa imesimama. Hewa ya kompresa haipulizwi mwilini wala kwenye nguo. Na mkono unaouingiza ufunguo kwenye chaki hauuachii mpaka uutoe.

Baada ya hapo utapelekwa benchi, jiliwa na tupa, na pengine utalaumu kwamba umelipa ada ili kusugua chuma. Kazi ya kawaida ni kutengeneza mchemraba au bamba lenye nyuso bapa na pembe za nyuzi 90. Unaweka guni la kifundi kwenye uso, unainua kipande kuelekea dirishani, na mwanga unaopita chini ya ukingo unakuonyesha uongo wa mkono wako. Mwanafunzi akisukuma tupa kama anavyosukuma randa bila kudhibiti uzito wa mikono miwili, katikati hubaki kilima na kingo hushuka. Zoezi hili linafundisha kuhisi kiasi kidogo cha chuma, kuchagua uso wa rejea na kufanya nyingine zote ziutii, na mawazo hayohayo utayakuta kwenye mashine ya kompyuta ya bei kubwa.

Hatua ya sita: jifunze kupima kabla ya kujifunza kukata haraka

Maikromita ya kawaida ya milimita ina skrubu yenye hatua ya milimita 0.5, na ngoma yake imegawanywa mara 50, kwa hiyo kila mstari ni milimita 0.01. Kila mwanafunzi anaweza kuikariri sentensi hiyo kwa siku moja, ila kuipata namba ileile mara tano mfululizo ni kazi ya wiki kadhaa. Safisha nyuso za maikromita na za kipande, hakiki sifuri kila unapoanza, zungusha kwa kirachi (kifundo cha mwisho kinachoteleza nguvu ikizidi) badala ya kukaza kwa nguvu za vidole, na usipime kipande kikiwa kinazunguka, hata polepole.

Chukua mfano wa shafti ya milimita 25 itakayoingia kwenye shimo na kuzunguka humo kwa ulaini. Mchoro umeandika 25 g6 kwa shafti na 25 H7 kwa shimo. Kwa mujibu wa mfumo wa ISO 286, shimo linakubalika likiwa kati ya milimita 25.000 na 25.021, na shafti ikiwa kati ya 24.980 na 24.993. Ina maana nafasi kati yao itakuwa angalau mikroni 7 (mikroni moja ni milimita 0.001) na isizidi 41. Shafti yako ina uwanja wa mikroni 13 tu wa kuchezea, yaani kidogo kuliko mistari miwili ya maikromita ya kawaida. Kwa kazi hii utatumia maikromita yenye venia (kipimo cha nyongeza cha kusoma sehemu ndogo) ya mikroni moja au ya kidijiti.

Sasa fikiria umemaliza kukereza, shafti bado ina joto la nyuzi 50, na maikromita inasoma 24.986. Unafurahi, uko katikati ya uwanja. Lakini chuma hupungua kwa takriban mikroni 11.5 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja inayoshuka, na halijoto ya rejea ya vipimo vya viwandani ni nyuzi 20. Shafti ikipoa kwa nyuzi 30, kipenyo chake kitapungua karibu milimita 0.009 na kusimama 24.977. Hapo imekwisha kuwa ndogo kupita kiasi, na hakuna mashine inayorudisha chuma. Ndiyo maana mafundi makini hukata na kuacha nyongeza ndogo, wakasubiri kipande kipoe au wakakipoza kwa kimiminika, wakapima, ndipo wakapitisha kisu cha mwisho. Ukiwa chuoni, jizoeze kuandika kipimo cha kila hatua kwenye karatasi hata kama hukuagizwa.

Hatua ya saba: leithi na milingi za mkono

Kwenye leithi utaanza na kusawazisha uso wa mbele, kukereza nje, kutoboa, kukereza ndani, kukata mfereji, kukereza mteremko na kukata meno ya skrubu. Urefu wa ncha ya kisu kulinganisha na kitovu cha kipande ni jambo la kwanza la kuangalia: kisu kikiwa chini ya kitovu, unaposawazisha uso utaacha chuchu ndogo katikati, na hiyo ni dalili rahisi kuliko kipimo chochote.

Jifunze mapema kuhusu uchezaji wa skrubu za magurudumu ya mkono, yaani nafasi tupu kati ya skrubu na nati yake. Ukivuka namba uliyoikusudia, usirudishe gurudumu kwa mstari mmoja au miwili ukadhani umerekebisha. Gurudumu limesogea, kisu hakijasogea. Rudisha karibu mzunguko mzima, kisha iendee namba upya kutoka upande uleule. Kasoro hiyohiyo ndiyo inayofanya mkufunzi akukataze, kwenye milingi kongwe ya mkono, kukata kwa mwelekeo ambao kisu kinaivuta meza. Meza inaweza kurukia mbele kwa kiasi cha uchezaji wote na kuvunja meno ya kisu.

Mlisho wa milingi huhesabiwa kwa kuzidisha mlisho wa kila jino, idadi ya meno na mizunguko. Kisu cha haispidi cha milimita 12 chenye meno manne, kikizunguka mara 800 kwa dakika na kila jino likikata milimita 0.05, kinasogea milimita 160 kwa dakika. Ukitaka kukata meno ya ndani ya M10 (skrubu ya kipenyo cha milimita 10) yenye hatua ya 1.5, toa hatua kwenye kipenyo nawe unapata keekee ya 8.5. Na ukipewa kichwa cha kugawanya (kifaa cha kuzungusha kipande kwa sehemu sawa) chenye uwiano wa 40 kwa 1 ili utengeneze kichwa cha bolti chenye pande sita, gawanya 40 kwa 6: mizunguko sita kamili na theluthi mbili, ambayo kwenye duara la matundu 18 ni matundu 12. Mitihani ya vitendo hupenda sana swali hili, na wasahihishaji hupenda kumwona mtu anayehesabu matundu kwa kuanzia na sifuri pale pini ilipo.

Hatua ya nane: mashine za CNC

Mwaka 1952 chuo cha MIT kilionyesha mashine ya milingi iliyoongozwa kwa namba zilizotobolewa kwenye utepe, na kimsingi wazo halijabadilika: mashine inaambiwa iende wapi, kwa kasi gani, na kisu gani. Utajifunza msimbo wa G kwa mkono kabla ya kuachia programu ya kompyuta ikuandikie. G00 husogeza haraka bila kukata, G01 hukata kwa mstari ulionyooka kwa mlisho uliotajwa, G02 na G03 hukata tao, G54 huita mahali sifuri ya kipande ilipowekwa, na M03 huzungusha spindo, yaani mhimili mkuu wa mashine. Mwanafunzi anayeweza kusoma mistari ishirini ya msimbo na kuchora kwenye karatasi njia ya kisu atajua programu ya kompyuta inapokosea, nayo hukosea kila inapopewa maelezo mabaya ya chuma au ya kishikizo.

Migongano mingi hutokana na sifuri iliyowekwa vibaya au urefu wa kisu usioingizwa, zaidi ya msimbo wenyewe. Kwa hiyo kipande cha kwanza huendeshwa kwa utaratibu usiobadilika: iangalie njia kwenye skrini, iendeshe hewani juu ya kipande, kisha weka mashine itekeleze mstari mmoja mmoja, mwendo wa haraka umepunguzwa hadi kiwango cha chini, kidole kikiwa kwenye kitufe cha kusitisha mlisho. Kabla ya kila mstari soma umbali uliobaki kwenye skrini na ulinganishe na unachokiona kwa macho. Skrini ikisema kisu kina milimita 80 za kwenda chini nawe unaona pengo la kidole kimoja, simamisha.

Marekebisho nayo yana adabu yake. Leithi nyingi za CNC husoma mhimili wa X kwa kipenyo. Ukipima 25.060 mahali panapotakiwa 25.000, unaingiza pungufu ya 0.060 kwenye marekebisho ya uchakavu wa kisu, si 0.030, na huigusi programu. Andika uliyobadilisha kwenye karatasi ya mashine, kwa sababu anayeingia zamu inayofuata hana njia nyingine ya kujua.

Hatua ya tisa: mafunzo kwa vitendo kiwandani

Ukipangiwa kiwanda, siku ya kwanza omba kujua nani anakusimamia na utapitia vitengo vipi. Hatari ya kawaida ni kuachwa kwenye mashine moja inayotoboa shimo lilelile kwa wiki nane, kazi halali lakini iliyokwisha kukufundisha ilichonacho siku ya pili. Omba kwa heshima kuhamishiwa kwa mwandaaji, hata kama ni kwa kumshikia vifaa. Kitabu cha kumbukumbu kiandikwe kila siku, na kiwe na michoro ya mkono, kasi na milisho iliyotumika, sababu za vipande vilivyokataliwa na jinsi tatizo lilivyotatuliwa. Siri za mteja usizipige picha bila ruhusa.

Hatua ya kumi: ushahidi wa ujuzi na mtihani wa kazi

Cheti cha chuo kinafungua mlango, na vyeti vya nyongeza vinavyotambulika, kama vile vya NIMS, taasisi ya kupima ujuzi wa ufundi vyuma nchini Marekani, vinasaidia mahali vinapojulikana. Waajiri wengi, hata hivyo, watakupeleka kwenye mashine. Weka vipande vitatu au vinne vya kwako, kila kimoja na mchoro wake, mpango wa kazi na karatasi ya vipimo, ikiwemo namba ambazo hazikutoka vizuri. Viwe tofauti: shafti yenye mkao wa beringi, kipande cha milingi chenye mashimo yaliyopangwa kwa rejea, na kimoja cha CNC ambacho programu yake unaweza kuieleza mstari kwa mstari.

Katika mtihani wa kazi utapewa mchoro na mtu atasimama pembeni. Usikimbilie mashine. Soma aina ya chuma, tafuta toleransi iliyobana kuliko zote, kisha amua utakishika kipande wapi ili nyuso zinazotegemeana zikatwe bila kukifungua. Ikiwa vipenyo viwili vinatakiwa kuwa na kitovu kimoja, sema kwa sauti kwamba utavikereza kwa mfungo mmoja. Uliza vifaa vya kupimia viko wapi na uhakiki sifuri zake mbele ya mtahini. Ukipewa muda usiotosha kumaliza, ni bora ukabidhi kipande ambacho hakijakamilika lakini kila kilichokatwa kiko ndani ya vipimo, pamoja na orodha ya kilichobaki.